Diski Ngumu

Wiki iliyopita nilikuwa Kawangware kutafuta chaja ya laptop, na kwenye meza moja ya vifaa vikuukuu, kati ya redio zisizo na mifuniko na pasi zilizokatwa waya, nikaiona. Rangi ya fedha, kioo cheusi mbele, na ule mlango mwembamba unaotoa diski kama ulimi. Kijana aliyekuwa akiiuza alikuwa ameichomeka kwenye stima ili wateja waone bado inawaka, na kwenye matundu yake ya juu ilikuwa ikitoka harufu ambayo sikuwa nimeisikia tangu utotoni: vumbi linaloungua polepole, na plastiki yenye joto. "Hii ni ya kitambo, madam, lakini ni original," akaniambia. "Bei tutaongea." Uso ulinichoma vile humchoma mtoto aliyeitwa mbele ya darasa hali akijua kosa lake. Niliondoka bila chaja.

Nyinyi wa rika langu mnazikumbuka rekoda hizo za DVD. Zilikuja wakati kanda za video zinaondoka na simu bado hazijajifunza kupiga picha ya maana. Ungeweza kurekodi televisheni, au kuhamisha harusi kutoka kwenye kamera hadi kwenye diski ya DVD ambayo mtu angeiweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Watu wengi hawakuwahi kuimiliki. Sisi tuliokaa chumba kimoja cha mabati huko Kianda, mtaa wa mabanda wa Nairobi, upande wa Olympic, tulikuwa nayo. Na mimi ndiye niliyeamua tununue ipi.

Baba yangu alikuwa seremala. Jumatatu hadi Ijumaa alitengeneza vitanda kando ya reli, Laini Saba, na Jumamosi alivaa shati jeupe akageuka kuwa mtu wa video. Kamera yake aliinunua kwa mpiga picha mmoja aliyekuwa anahama mji, nayo ilitumia kanda ndogo zilizoenea kiganjani. Alirekodi harusi, ubatizo na matanga. Mama alikuwa nyumbani Bungoma na wadogo zangu, akilima. Mimi niliachwa Nairobi kwa ajili ya shule. Kwa hiyo tulikuwa wawili tu, na nikitoka shuleni nilichukua ufunguo kwa jirani yetu, Mama Mwende, mwanamke wa Machakos aliyeuza muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe mlangoni pake. Hakuwahi kunipa ufunguo kabla ya kunipa chakula.

Watu walianza kuitisha diski. Hakuna aliyetaka kanda tena. Baba alikuwa akizipeleka kanda zake kwa mtu mmoja wa katikati ya mji amhamishie, na mtu huyo alimzungusha wiki baada ya wiki, mpaka baba akaamua kununua rekoda yake mwenyewe. Siku ya kwenda kuichagua aliniambia, "Utanisindikiza. Wewe ndiye unajua kusoma."

Ni kweli nilikuwa wa kwanza kwa Kiingereza, darasa la tano. Kwa baba, aliyeachia shule darasa la nne, hilo halikuwa jambo dogo. Barua za shule, maandishi kwenye dawa, karatasi za serikali zilizobandikwa ukutani, vyote nilimsomea mimi. Alinitambulisha kwa watu akisema, "Huyu ndiye karani wangu." Sikuwahi kumwambia kwamba kulikuwa na maneno mengi nisiyoyajua. Nilijifunza kuyaruka na kuweka yangu mahali pake, na kwa kuwa hakuna aliyenikagua, nikaamini kwamba hivyo ndivyo watu wote wanavyosoma.

Duka lilikuwa Kawangware, kibanda cha mbao chenye rafu hadi juu. Mwenyewe alikuwa mwanamume mwembamba, mpole, miwani yake imefungwa kwa waya upande mmoja. Kila kifaa alichotaka kutuonyesha alikipangusa kwanza kwa kitambaa, taratibu, kama anayemwosha mtoto uso. Watu walimwita fundi, nasi tukamwita fundi.

"Niko na mbili," alimwambia baba. "Hii ni ya kawaida. Unaweka diski, unarekodi moja kwa moja. Hii ingine iko na hard disk ndani. Inashika masaa mengi bila kuweka diski yoyote, halafu baadaye unahamisha ile unataka."

"Gani ndiyo poa?"

"Inategemea kazi yako, mzee. Unataka kufanya nini nayo?"

Baba akamweleza habari za harusi na matanga. Fundi alisikiliza mpaka mwisho. "Basi chukua hii ya kawaida," akasema. "Harusi ikiisha, unatoa diski, unapatia mwenyewe, mmemalizana. Hii ya hard disk ni ya mtu wa kurekodi TV. Anaenda job, anaiacha ikirekodi peke yake, jioni anapata programu yake imemngoja."

Sikusikia kingine baada ya hapo. Kila siku saa kumi nilikuwa tuition, masomo ya ziada, na kila siku saa kumi ndipo ilipooneshwa katuni ya msichana mwenye farasi wa kuruka, ambayo mimi niliwahi kuona mwisho wake tu, yale majina yanayopanda. Nilimwona yule msichana akiningoja ndani ya sanduku la fedha.

Mwanamke mmoja akamwita fundi nje aangalie pasi yake. Fundi akatuachia kitabu cha maelezo cha ile mashine ya bei ya juu. "Someni pole pole," akasema, akatoka.

Baba akanipa kitabu. "Soma, mama," akaniambia. Aliniita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake. "Kinasema aje?"

Nilikifungua. Herufi zilikuwa ndogo kama mayai ya chawa, na maneno yalikuwa ya ukoo nisioujua. Niliyatambua mawili tu. Hard ni ngumu. Disk ni diski.

"Kinasema ni diski ngumu," nikasema.

"Ngumu aje?"

"Haivunjiki. Hizi zingine zinakwaruzika, mtu akizishika vibaya zimeisha. Hii iko ndani, ni ngumu. Kitu kikiingia hapo hakitoki. Hata mtu akitaka kukifuta, hakifutiki."

"Imeandikwa hivyo?"

"Imeandikwa." Nikaweka kidole kwenye mstari mmoja ili aone. Kitabu hicho kilibaki kwetu, nikaja kukisoma nikiwa sekondari. Ukurasa ule ulikuwa unaonya watu wasiweke mashine karibu na maji.

Fundi aliporudi, baba akamwambia anachukua yenye hard disk. Fundi akamtazama. "Una uhakika, mzee?"

"Mtoto amesoma."

Fundi akanitazama mimi, akatabasamu, si kwa dharau. "Sawa. Lakini usikae na vitu humo ndani muda mrefu. Hamisha mapema." Baba akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikiliza ushauri wa mtu ambaye hakusoma kitabu.

Kwa miezi kadhaa mambo yalikwenda vizuri. Baba alihamisha kanda zake zote kwenye mashine, na kwa kuwa kitu kikiingia humo hakitoki, alizirudia kanda zilezile kwa kazi nyingine. Kanda mpya zilikuwa ghali na sasa aliona hazina haja. Nami nilijifunza kuiweka mashine ijirekodie yenyewe, na jioni, baba akiwa bado Laini Saba, nilikaa na msichana wangu na farasi wake. Sikuwahi kuwa na furaha kama hiyo.

Kisha Mwende akaolewa. Alikuwa binti pekee wa jirani zetu, na baba alimrekodi bila kudai chochote. Harusi ilikuwa sehemu mbili, ya hapa kanisani na ya pili iliyopangwa kufanyika Machakos mwezi wa kumi na mbili, na wenyewe wakaomba zote ziwekwe pamoja kwenye diski moja. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ikabaki ndani ya mashine, ikingoja.

Lazima niwaeleze kuhusu Baba Mwende. Alikuwa mwashi, mtu mkubwa wa mwili, mwenye kigugumizi kibaya. Neno lilimkwama kooni mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na watu, kwa kumhurumia, walimmalizia sentensi zake. Ndiyo maana alikuwa kimya karibu wakati wote. Lakini siku ya harusi alisimama, akashika maikrofoni, akazungumza na bintiye kwa muda mrefu bila kukwama hata mara moja. Watu walilia. Hilo niliambiwa. Mimi nilikuwa nje kwenye laini ya chakula.

Mashine ilijaa siku ya Alhamisi. Nilitoka tuition mbio nikakuta haikurekodi kitu, na kwenye televisheni kuna maandishi kwamba hakuna nafasi. Nikafungua orodha. Hakukuwa na majina, ila tarehe na saa tu. Nyingi zilikuwa fupi, zangu; kazi nyingine za baba zilikuwa zimeshahamia kwenye diski za wenyewe. Moja ilikuwa ndefu sana, ya masaa matatu. Nikabonyeza rimoti juu yake, mashine ikauliza kama nataka kufuta. Neno hilo nililijua.

Mara nyingi nimejitetea kwamba niliamini maneno yangu mwenyewe. Kwamba nilidhani ni orodha tu inayofutwa, na kitu chenyewe kinabaki mahali fulani ndani, kwenye ule ugumu. Kuna ukweli kidogo hapo. Lakini nakumbuka pia kwamba nilikwenda mlangoni kwanza nikachungulia kama kuna mtu anakuja. Kisha nikarudi nikabonyeza ndiyo.

Haikupita wiki tatu, Baba Mwende akaanguka kutoka ghorofa ya nne, kwenye mjengo. Hakufika hospitali akiwa hai.

Siku mbili baadaye Mama Mwende alikuja kwetu na leso kichwani, akakaa kwenye kiti cha baba. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Baba Nekesa," alisema, "nataka ile harusi. Siku ya kumzika, kule nyumbani, nataka watu wake wamsikie. Wengi wao hawajawahi kumsikia akimaliza sentensi."

"Iko," baba akasema. "Hiyo haiwezi kupotea. Ngoja nikuwekee hata sasa."

Akapiga magoti mbele ya televisheni. Akafungua rekodi moja, akatokea msichana na farasi. Akafungua nyingine, farasi. Alifungua zote, moja baada ya nyingine, na ule muziki wa katuni ukaanza upya kila mara, wa furaha, mbele ya yule mjane. Mimi nilikuwa kitandani nimeshika daftari. Nilitamani mtu mmoja anipige, ili liishe.

"Nekesa," baba akasema bila kugeuka, "harusi iko wapi?"

"Sijui. Labda mashine imeikula."

Hakuniuliza tena. Alikwenda kuangalia kanda ingawa alijua kwamba juu yake alisharekodi ubatizo wa watu wengine. Aliiangalia mpaka mwisho hata hivyo. Mama Mwende akainuka. "Ni mashine tu, Baba Nekesa," alimwambia. "Usijilaumu." Jioni ile, mjane wa siku mbili, alinitumia sahani ya chakula kama kawaida.

Jumamosi baba aliibeba mashine begani, tukatembea kutoka Kianda hadi Kawangware. Nilijua tunakokwenda, na nilikuwa na safari nzima ya kumwambia ukweli. Nilikuwa nahesabu: tukifika kwenye kona ile nitasema, tukivuka barabara nitasema. Tulifika sijasema.

Fundi alitupokea kwa salamu nzuri. Baba akaiweka mashine juu ya meza kwa kishindo. "Uliniuzia kitu kinakula kazi ya watu."

Fundi akaipangusa kwa kitambaa, akaiwasha, akaangalia orodha. "Mzee, hii haijaharibika," alisema taratibu. "Kuna mtu amefuta. Mashine haiwezi jifutia yenyewe."

"Haifutiki. Imeandikwa kwa kitabu."

"Nani alikwambia hivyo? Hapana. Inafutika. Ndiyo nilikwambia uhamishe mapema." Kisha akainama kidogo, uso wake ukawa karibu na wangu. Miwani ilikuwa na alama ya kidole kwenye kioo kimoja. "Msichana, si wewe ndiye ulisoma? Kitabu kilisema aje?"

Alinipa nafasi. Aliuliza kwa upole, na nadhani alikuwa ameshaelewa kila kitu. Baba naye alinitazama, na machoni mwake niliona nikiacha kuwa karani wake.

"Ni wewe uliniambia," nikamwambia fundi. "Baba alipokuwa anaangalia zile redio. Uliniambia haifutiki, nimwambie anunue hii."

Fundi alinyooka. Nafikiri hakujua mtu mzima anamjibu nini mtoto katika hali hiyo.

"Wewe ni mwizi," baba akasema. Kisha akalirudia kwa sauti kubwa, akiwa amegeukia barabarani. "Huyu ni mwizi. Anatumia mtoto kuniibia."

Mnajua neno hilo linavyofanya kazi katika mitaa yetu. Wanaume wawili waliokuwa wakipita wakasimama. Wakawa watano, kisha sikuweza kuwahesabu. Mtu mmoja ambaye hakujua chochote alimvuta fundi kwa shati juu ya meza, mwingine akampiga kofi, miwani ikaanguka. Redio zikaporomoka kutoka kwenye rafu. Mwanamke aliyeuza viatu vya mitumba kibanda cha pili alijipenyeza katikati akiwasukuma kwa mikono miwili, akisema huyu ni jirani yake, wamwache, wamwache. Sijui ingekuwaje kama hangekuwepo. Fundi, pua ikimtoka damu, alifungua droo akampa baba pesa yake yote, kisha akachuchumaa kutafuta miwani kati ya miguu ya watu. Ilikuwa karibu na kiatu changu. Ningeweza kumwokotea.

Tukirudi, baba alininunulia soda. Alikuwa ametulia, kama mtu aliyepata haki yake. Nilikunywa yote.

Mama Mwende alimzika mumewe bila sauti ile. Aliendelea kunipa ufunguo na chakula kwa miaka miwili mingine, mpaka alipohamia Machakos kabisa. Nilikuwa nakula nikitazama sahani.

Siku ile nilipoiona rekoda pale Kawangware nilirudi nyumbani nikampigia simu Mama Mwende. Kesho yake nikaenda kwa baba. Sasa anaishi kwenye zile nyumba za ghorofa za Soweto East, mguu mmoja unamsumbua, na useremala aliacha. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu niliogopa nikikaa sitasema. Kitabu, katuni, rimoti, uongo wa dukani.

Baba akanigeukia. "Mama Mwende umemwambia?"

"Nilimpigia jana."

"Akasema nini?"

"Aliniuliza kama niliitazama kabla ya kuifuta. Kama nakumbuka mzee alisema nini."

"Na ulikuwa umeitazama?"

"Hapana."

Baba alisugua goti lake. Kisha akaniuliza, "Yule mtu aliitwa nani?"

Nilifungua mdomo nikakuta sina jina la kumpa. Tulimwita fundi. Hatukuwahi kumuuliza.

Akachukua kofia na fimbo yake. "Twende," akasema.

Kibanda hakipo tena. Pale pana duka la M-Pesa la matofali. Lakini mwanamke wa viatu yupo, amezeeka, amenenepa, anapiga brashi kiatu cha shule. Baba akamsalimu, akamuuliza habari za fundi wa redio aliyekuwa hapo zamani, mwembamba, wa miwani.

"Huyo alihama," alisema bila kuinua macho. "Kuna watu walimfanyia fujo hapa siku moja. Baada ya hapo watu waliacha kumletea vitu. Na watoto wakipita walikuwa wanamuita mwizi, hivi kwa mchezo tu. Alivumilia kama miezi mbili, akafunga."

"Alienda wapi?"

"Hakuniambia. Alikuwa mtu wa aibu."

Baba akavua kofia. "Mimi ndiye nilimuita hivyo," alisema.

"Ni mimi," nikasema. "Baba hakujua. Nilikuwa mtoto, nikamdanganya. Huyo fundi hakuwa ameniambia kitu. Alitwambia tuchukue ile ingine."

Mwanamke akaacha kupiga brashi. Alimtazama baba, kofia yake mkononi, akanitazama mimi na mkoba wangu wa ofisini, kwa muda ambao sitausahau.

"Sasa mnaniambia mimi," alisema, "ndio nifanye nini?"

Nyuma yetu kulikuwa na mama mwenye mtoto akiuliza kama kiatu kile kipo saizi ndogo, nasi tukasogea pembeni ili apite.